Milinganyo Sahili: Kutafuta x Ukiwa na Mwenzako



Siku ya wazazi kutembelea watoto seminarini, swali moja halikosekani. Mzazi anamsalimu mwanawe, anamkabidhi sabuni na karanga alizomletea, anafungua daftari la Hisabati, kisha anamtafuta mwalimu: "Mwalimu, huyu darasa la saba alikuwa hodari wa hesabu. Imekuwaje?"

Imekuwa hivi: herufi zimeingia. Kijana aliyezoea kuulizwa 48 gawanya kwa 6 sasa anaulizwa x ni ngapi, na tena anaulizwa kwa Kiingereza, lugha ambayo shule ya msingi aliisoma kama somo tu. Mambo mawili mapya yamemjia siku moja. Akikaa kimya nyuma ya darasa kwa majuma matatu, milinganyo inamwacha. Baada ya hapo kila mada inayokuja inaijenga juu yake: fomula, grafu, jometri, hata Fizikia na Kemia. Kwa miaka mingi sasa, waliofaulu Hisabati katika mtihani wa kidato cha nne hapa Tanzania hawakufikia nusu ya watahiniwa. Na seminari ndogo ina wastani wake. Wito haupimwi kwa x, lakini kijana asiyefikisha wastani anarudi nyumbani, awe na wito au asiwe nao.

Somo hili ni kwa ajili ya kidato cha kwanza na cha pili, na kwa wazazi na walezi parokiani wanaokaa na watoto mezani jioni. Tutafundisha mlinganyo sahili wenyewe, na tutaonyesha jinsi wawili au watatu wanavyoweza kuufundishana. Mwalimu ana darasa zima na dakika arobaini. Mwenzako unaye tangu kengele ya kuamka hadi sala ya usiku.

Alama ya sawasawa

Anza na swali lisilo na herufi. Mwandikie mwenzako hivi, umwombe ajaze kisanduku:

8 + 4 = ☐ + 5

Wengi wataandika 12. Wengine wataandika 17. Usicheke, wala usimwambie jibu. Mwulize tu: "Upande wa kushoto una ngapi? Upande wa kulia sasa una ngapi?" Kushoto ni 12. Kulia, kama ameandika 12, ni 12 + 5, yaani 17. Ataona mwenyewe kwamba kisanduku kinataka 7.

Kosa hili lina chimbuko lake. Tangu darasa la kwanza mtoto ameiona alama ya sawasawa ikiwa mwishoni, kabla tu ya jibu. Kwake alama hiyo ni amri: toa jibu sasa. Ndiyo maana utakuta daftari limeandikwa 3 + 5 = 8 × 2 = 16, maneno ambayo yakisomwa kama yalivyo yanadai kwamba 3 + 5 ni 16. Katika aljebra alama hii inasema jambo lingine: kilicho kushoto na kilicho kulia vina thamani moja. Robert Recorde, tabibu na mwanahisabati wa Wales, aliichapa kitabuni mwaka 1557 kwa mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja, kwa kuwa hakuona mfano bora zaidi wa vitu viwili vilivyo sawa.

Mfano wetu bora uko sokoni: mizani ya sahani mbili. Chukua mlinganyo

3x + 5 = 20

Sahani ya kushoto ina vifurushi vitatu vya maharage vyenye uzito mmoja, ambao hatuujui, pamoja na jiwe la kilo 5. Sahani ya kulia ina mawe ya kilo 20. Mizani imetulia. Mama muuza maharage hahitaji kwenda kidato cha kwanza kujua cha kufanya: anaondoa kilo 5 kushoto, na ili mizani isiinuke upande mmoja, anaondoa kilo 5 kulia pia. Vimebaki vifurushi vitatu kwa kilo 15, kwa hiyo kifurushi kimoja ni kilo 5. Tukiandika:

3x + 5 − 5 = 20 − 5
3x = 15
3x ÷ 3 = 15 ÷ 3
x = 5

Unachofanya upande mmoja, fanya na upande wa pili. Sheria yote ni hiyo. Mengine ni kuchagua cha kuondoa kwanza, na hapo tunafuata njia ya kurudi nyuma: x ilizidishwa kwa 3 kwanza, kisha ikajumlishiwa 5, basi tunaanza kuondoa 5, halafu ndipo tunagawanya kwa 3. Aliyevaa soksi kisha viatu huvua viatu kwanza.

Wanafunzi wengi, na walimu wengine, wanapenda njia ya mkato: "hamisha, badili alama". Mimi siipendi kwa mwanafunzi anayeanza. Inafanya kazi, lakini haina sababu ndani yake, na kitu kisicho na sababu hukumbukwa vibaya. Kijana akishafika 3x = 15 anaihamisha ile 3 na kubadili alama, anaandika x = 15 − 3, anapata 12, na anaendelea na swali linalofuata kwa amani kabisa. Aliyefikiria vifurushi vitatu kwenye mizani hawezi kufanya hivyo kirahisi, kwa sababu anajua vifurushi vitatu vya kilo 12 havitoshi kwenye kilo 15.

Neno "aljebra" lenyewe linatoka kwenye kazi hii. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu chake mjini Baghdad katika karne ya 9, na katika jina lake yamo maneno mawili ya Kiarabu: al-jabr na al-muqabala. La kwanza ni kurudisha kilichopungua au kilichovunjika mahali pake, kama anayeunga mfupa. La pili ni kuweka vitu uso kwa uso na kuondoa vinavyolingana, na sisi Waswahili tunalo bado tunaposema nyumba yake iko mkabala na kanisa. Mwaka 1145 Robert wa Chester alikitafsiri kwa Kilatini huko Segovia, Hispania, na wasomi wa Kanisa wakakisoma bila kuona haya kwamba mwandishi wake alikuwa Mwislamu.

Wawili mezani

Sasa tuwasikilize vijana wawili wakati wa kujisomea jioni. Mmoja ni wa kidato cha pili, mwingine wa kwanza. Swali ni 5x − 3 = 2x + 18, na mdogo amepata x = 3.

"Kaka, nimepata tatu, ila kitabu kinasema saba."

"Funga kitabu kwanza. Nisomee swali kwa Kiswahili."

"Namba fulani mara tano, ukitoa tatu, ni sawa na namba hiyohiyo mara mbili, ukijumlisha kumi na nane."

"Vizuri. Namba yako ni tatu. Iweke."

"Tano mara tatu, kumi na tano. Toa tatu, kumi na mbili." Anaandika. "Upande huu, mbili mara tatu ni sita, na kumi na nane, ishirini na nne. Haa, hazilingani."

"Basi nionyeshe ulikopita."

"Nilikusanya x. Tano na mbili, saba. Na kumi na nane na tatu, ishirini na moja. 7x ni 21."

"Ile tatu uliifanyaje?"

"Niliongeza tatu pande zote, ili ile ya kutoa iishe."

"Sawasawa kabisa. Na ile 2x ya kulia, ulitaka iishe. Ulifanya nini?"

Kimya kirefu. "Niliileta huku."

"Kwenye mizani, kitu kikiwa sahani ya kulia, unakiondoaje?"

"Nakitoa... nakitoa pande zote. Ni tano toa mbili, kaka. 3x ni 21. Saba!"

"Iweke tuone."

Tano mara saba ni 35, toa 3, ni 32. Mbili mara saba ni 14, na 18, ni 32. Imelingana.

Tazama aliyoyafanya yule mkubwa. Hakusema jibu, wala hakuchukua kalamu. Alimfanya mwenzake asome swali kwa lugha anayoota nayo. Alimpa njia ya kujua mwenyewe kwamba jibu ni kosa, nayo ni kurudisha namba mahali pa x. Alitafuta hatua iliyokuwa sahihi na kuisifu kabla ya kugusa iliyokosewa. Na kweli ile 3 ilishughulikiwa vizuri. Zaidi ya yote, alivumilia kile kimya. Wengi wetu hatukiwezi. Sekunde tano zikipita tunasema "ni kutoa bwana, toa!" na mwenzetu anaandika kutoa bila kujua kwa nini.

Kuhusu lugha, najua seminari nyingi zinadai Kiingereza tupu muda wote wa masomo, na zina sababu zake, maana mtihani uko kwa Kiingereza. Maoni yangu ni kwamba wakati wa kujisomea, mlinganyo ueleweke kwanza kwa Kiswahili, kisha uelezwe upya kwa Kiingereza na mwanafunzi yuleyule. Asiyeweza kuusema mlinganyo kwa lugha yake hajauelewa kwa lugha yoyote.

Kufundishana si jambo geni katika elimu ya Kanisa. Mwongozo wa masomo wa Wajesuiti wa mwaka 1599, Ratio Studiorum, uliwapanga wanafunzi makundi makundi, na kila kundi likawa na mwanafunzi kiongozi aliyewasikiliza wenzake wakikariri masomo na kukusanya kazi zao. Kwa mwalimu wa Hisabati uliagiza kwamba kila mwezi, au angalau kila baada ya miezi miwili, mwanafunzi mmoja afumbue fumbo maarufu la hisabati mbele ya mkusanyiko wa wanafalsafa na wanateolojia. Mwanafunzi, si mwalimu. Padre Christopher Clavius, aliyefundisha Hisabati Roma kwa miaka mingi na kushiriki kutengeneza kalenda ya mwaka 1582 tunayoitumia hadi leo, alikuwa miongoni mwa waliopigania somo hilo lipewe nafasi yake. Yeye mwenyewe alichapisha kitabu cha aljebra mwaka 1608. Mwanafunzi wake Matteo Ricci alifika China, akakaa na msomi Xu Guangqi, mmoja akieleza kwa mdomo na mwingine akiandika, wakatoa kwa Kichina vitabu sita vya kwanza vya Euclid mwaka 1607. Wale nao walikuwa wawili mezani.

Makosa manne ya kuvizia

Anayemsaidia mwenzake inafaa ajue mahali ambapo watu huanguka.

Mabano kwanza, maana ndiyo yanayowaangusha wengi. Kwenye 4(x + 2) = 28, wengi huandika 4x + 2 = 28. Usimwambie "umesahau kuzidisha". Mpe hadithi: watumishi wa altareni wanne, kila mmoja apewe madaftari x na kalamu 2, na vitu vyote viwe 28. Ukiandika 4x + 2, madaftari yamewafikia wote, ila kalamu amepata mtoto mmoja, na watatu wanalia. Kalamu ni 8. Kwa hiyo 4x + 8 = 28, 4x = 20, x = 5. Au gawanya pande zote kwa 4 kwanza: x + 2 = 7. Njia zote mbili ni halali, na wawili wakipita njia tofauti wakakutana kwenye 5, wameshasahihishana.

Sehemu inafuata. Kwenye x/3 + 2 = 8, kijana anazidisha kwa 3 ili aondoe ile sehemu, lakini anazidisha x/3 na 8 tu, ile 2 anaipita: x + 2 = 24, x = 22. Upande mzima unazidishwa, pamoja na vyote vilivyomo: x + 6 = 24, x = 18. Ukirudisha, 18 gawanya kwa 3 ni 6, na 2, ni 8. Anayeogopa sehemu aondoe ile 2 kwanza, abaki na x/3 = 6, na hofu itakuwa imekwisha.

La tatu ni x yenye alama ya kutoa. 10 − x = 4. Akitoa 10 pande zote anapata −x = −6, na hapo anaweka kalamu chini akidhani amemaliza. Mwulize: "Swali linataka x au kinyume chake?" Zidisha pande zote kwa −1, x = 6.

Kosa la nne ndilo ninaloliona kubwa, na halihusu hesabu hata kidogo. Chukua swali hili: Jumuiya mbili zilichangia debe 48 za mahindi kwa ajili ya kituo cha yatima. Jumuiya ya pili ilitoa debe 6 zaidi ya mara mbili ya zile za jumuiya ya kwanza. Kila moja ilitoa debe ngapi? Mwulize mwenzako x ni nini. Akisema "x ni mahindi" au "x ni jumuiya ya kwanza", simama hapo, msiendelee. Mahindi hayazidishwi kwa mbili wala hayajumlishwi na sita. x ni namba: idadi ya debe zilizotolewa na jumuiya ya kwanza. Iandikwe kwa sentensi kamili kabla ya mlinganyo wowote. Ndipo ya pili inakuwa 2x + 6, na jumla

x + 2x + 6 = 48
3x + 6 = 48
3x = 42
x = 14

Ya kwanza debe 14, ya pili debe 34. Hapa kuangalia jibu hakuishii kwenye mlinganyo, kwa maana huenda mlinganyo wenyewe uliandikwa vibaya. Rudi kwenye maneno: 14 na 34 ni 48, na 34 ni mara mbili ya 14 ukiongeza 6. Ndiyo.

Namna ya kukaa

Watu watatu wanatosha, wanne ndio mwisho. Kalamu iwe moja, na aishike yule ambaye hajaelewa, si bingwa wa kundi. Bingwa akishika kalamu, wengine wanageuka watazamaji wa mpira. Kila swali lianze kwa kila mmoja kulijaribu peke yake dakika tano, hata kama ataandika mstari mmoja, kwa sababu asiyejaribu hana cha kuuliza.

Zamu za kueleza zizunguke. Si kweli kwamba anayesaidia lazima awe wa kwanza darasani. Aliyeelewa mabano juzi tu bado anakumbuka yalivyomsumbua, na mara nyingi anaeleza vizuri kuliko yule ambaye hayajawahi kumsumbua. Naye anapoeleza, anagundua mahali ambapo alikuwa akikariri. Ukishindwa kujibu "kwa nini?" ya mdogo wako, usimkemee, nendeni wote kwa frateri au kwa mwalimu.

Kutoa daftari ili mwenzako anakili ni jambo lingine kabisa, hata likiitwa msaada. Wanafunzi wanakuita kudesa na kukuona kama upendo wa kindugu. Aliyenakili atakaa peke yake kwenye chumba cha mtihani, na ndugu yake aliyempa daftari atakuwa meza tatu mbele, amempa mgongo. Kama mwenzako amekuja usiku wa manane kabla ya zoezi kukusanywa, mfanyie swali moja naye hadi mwisho, mengine ayaache wazi. Mwalimu akiona nafasi tupu anajua pa kuanzia. Akiona majibu sahihi kumi yaliyonakiliwa hajui lolote.

Kwa wazazi: msiseme "mimi sikusoma hayo" mkaondoka mezani. Maswali matatu hayahitaji elimu ya sekondari. Nisomee swali kwa Kiswahili. x ni namba ya nini? Rudisha jibu lako kwenye swali, linakubali? Mtoto akijibu hayo matatu kwa sauti mbele ya bibi yake anayechambua mchele, amesoma.

Mazoezi ya wawili wawili

1. x + 9 = 23
2. 7x − 4 = 31
3. 3(x − 2) = 21
4. x/4 + 3 = 9
5. 6x + 1 = 4x + 17
6. 15 − 2x = 3
7. Kwaya ina waimbaji 30. Wanawake wanawazidi wanaume kwa 4. Wanaume ni wangapi?
8. Umri wa baba ni mara tatu ya umri wa mwanawe. Baada ya miaka 12, baba atakuwa na mara mbili ya umri wa mwanawe. Mtoto ana miaka mingapi sasa?

Swali la 8 lina mtego: miaka 12 inaongezwa kwa wote wawili, na upande mmoja utahitaji mabano. Lifanyeni mwisho, na mlipe muda.

Mkipata majibu tofauti, msikimbilie mstari ulio hapa chini. Yarudisheni yote mawili kwenye swali, mwone lipi linakubali, kisha mtafute pamoja hatua ambayo njia zenu ziliachana.

Majibu: (1) 14, (2) 5, (3) 9, (4) 24, (5) 8, (6) 6, (7) wanaume 13, (8) miaka 12, na baba ana 36.